Mwavuli Ulikuwa Wangu

Jumamosi, 3 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Goti la kushoto linauma. Nimegundua njama nyumbani mwangu.

Nilikuwa natafuta miwani. Nikamkuta Dama, mke wangu, sebuleni, anakata kitambaa cheusi kwa mkasi wake wa ukunga. (Mkunga amestaafu, mkasi haujastaafu.) Nikamuuliza anafanya nini. Kasema anashona kipande chake cha mfarishi wa mjukuu. Mjukuu mwenyewe bado hajazaliwa! Binti yetu Wendy angali anapanda ngazi za nyumba yake hapa Tudor, Mombasa, akijishika kiuno.

Naeleza mfarishi ni nini, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikiwa sipo. Ni blanketi la matabaka matatu. Juu, uso wa vipande vya nguo kuukuu vilivyounganishwa. Katikati, pamba. Chini, bitana. Kisha hushonwa yote pamoja, sindano ikipenya juu hadi chini, ili pamba isikusanyike pembeni kama wanafunzi wavivu. Dama na wenzake hukutana Mji wa Kale, kwa Bi Mejumaa, na kila mmoja hushona kipande kimoja chenye kisa kimoja. Mfarishi ukikamilika, mtoto hufunikwa, na kila mshonaji humsimulia kisa cha kipande chake.

Nikamuuliza chake kinasimulia nini. Kasema tulivyokutana, mimi na yeye, kivukoni Likoni, mwaka wa sabini na tisa. Nikafurahi. Nikasema ni vyema mtoto ajue babu yake alivyompa bibi yake mwavuli siku ya mvua.

Dama akaweka mkasi chini. Akasema mwavuli ulikuwa wake.

Wake!

Nimekisimulia kisa hiki arusini na matangani. Nimekisimulia darasani, somo la jiografia, chini ya mada ya mvua za masika. Hakuna aliyewahi kupinga. Dama hukaa pembeni akitabasamu, nami siku zote nilidhani ni tabasamu la shukrani.

Anadai kwamba mimi ndiye niliyelowa, madaftari ya wanafunzi kichwani, naye akanivuta chini ya mwavuli wake. Kwamba tulipofika ng'ambo niliuazima ili madaftari yasiharibike, na sikuurudisha. Amesema ilimbidi aolewe ndipo aupate tena.

Jambo hili likishonwa, mjukuu wangu atakua akijua kuwa babu yake ni mtu wa kutembea na miavuli ya wauguzi. Lazima nizuie.

Jumanne, 6 Mei

Nimejiunga nao! Adui hupigwa kutoka ndani.

Nyumba ya Bi Mejumaa iko kwenye uchochoro ambao hata tuktuk huuogopa. Ngazi za mbao, zimesimama wima kama za meli. Juu kuna chumba kirefu, mkeka chini, wanawake wameuzunguka, nyuzi kila mahali. Bi Mejumaa ni mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Dama ndiye aliyemzalisha watoto wake wote, kwa hiyo mimi nami huheshimiwa kidogo, kama mzigo wa mgeni.

Nikaomba kujiunga. Nilijiandaa kupingwa. Bi Mejumaa akasema hakuna mwanamume aliyewahi kukatazwa, ila hakuna aliyewahi kuja. Karibu, Mwalimu.

Nikaona nitoe maelezo mafupi ya historia ya kushona, tangu sindano za mifupa. Nilipokaribia sindano za chuma, Bi Mejumaa akauliza kama nimekuja na subana. (Subana ni kile kikofia cha bati kivaliwacho kidoleni ili sindano isikutoboe.) Sikuwa nayo. Akasema hotuba yaweza kungoja, kidole hakiwezi, akanipa yake ya akiba. Hainipiti ukucha.

Yumna, mkaza mwana wa Bi Mejumaa, ana ulimi mrefu kuliko uzi wake. Aliuliza kama Mwalimu amekuja kushona au kusahihisha. Wakacheka. Dama alicheka kupita kiasi kilichohitajika.

Kanuni zao ni mbili. Kwanza, kitambaa lazima kiwe kilikuwapo siku ya kisa chenyewe: leso uliyojifunga, shati ulilovaa, pazia la chumba kile. Bi Mejumaa anasema binadamu hutia chumvi, lakini nguo iliyokuwapo ni shahidi. Pili, kipande cha katikati ndicho kinacholala juu ya kifua cha mtoto, na mwenye kipande hicho husimulia wa kwanza. Kisa chake ndicho mtoto atakachosimuliwa kila mwaka siku yake ya kuzaliwa.

Kila mwaka! Basi ni katikati au sipo.

Nimejitoboa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Cha pete kimepona. Nashuku ni bahati.

Alhamisi, 8 Mei

Nilimuuliza Dama, kwa sauti ya kawaida, liko wapi lile shati langu jeupe la siku ya Likoni. Amesema lilikuwa nepi za Wendy, kisha tambara la jiko, kisha halikuwa kitu tena. Shahidi wangu ameuawa, na muuaji anakaanga samaki.

Nimekwenda Biashara Street. Nikamwomba Hussam, mwenye duka la vitambaa, anipatie cha shati jeupe cha mwaka wa sabini na tisa. Akasema mwaka huo umekwisha dukani, ila ana cheupe kilichoingia juma lililopita. Nikamweleza kuwa ubora wa pamba hutegemea urefu wa nyuzi zake. Akasema ndiyo, Mwalimu. Nikaeleza zaidi. Akaenda kumhudumia mtu mwingine, akarudi, akasema ndiyo tena. Nimenunua yadi mbili. Mtu mwenye akili hununua akiba.

Sasa, kitambaa kipya kinazeeshwaje? Kwa chai. Hili nililijua tangu ujana. Watoto darasani walikuwa wakichora ramani za hazina na kuzipaka chai ili zionekane za kale. Dama alipotoka kwenda kwa Wendy, nikakitumbukiza kitambaa katika sufuria ya chai iliyobaki asubuhi, nikachemsha, nikaanika juani kati ya manyunyu mawili.

Kimetoka na rangi nzuri ya uzee. Hata mimi nilikaribia kukikumbuka.

Nikatarizi picha kwa uzi wa buluu: mwanamume mrefu, mwenye heshima, anampa mwanamke mwavuli. Kazi ya jioni nzima. Nyuso sikuweza. Nimeweka nukta.

Jumamosi, 10 Mei

Fedheha. Naandika kwa ufupi.

Nilikiweka kipande changu mkekani mbele ya wote. Nikasema hili ndilo shati lenyewe. Bi Mejumaa akakishika, akakipeleka puani. Akauliza, kwa upole, kama siku ile Likoni kulikuwa na iliki.

Sikufikiri haraka. Nikasema kulikuwa na wauzaji wengi.

Yumna naye akanusa. Akasema na tangawizi pia. Kisha akasema ala, shati latembea! Kweli. Sisimizi. Walikuwa wametoka chini ya ukuta, msururu mmoja mnyoofu, wakavuka mkeka, wakapita juu ya kazi za watu wote bila kuzijali, wakaingia kwenye kipande changu.

Chai ilikuwa ya maziwa. Na sukari.

Dama alitazama dari, mabega yakimtikisika. Yumna akauliza picha yenyewe ni ya nini. Kwamba yeye anaona mtu anamuuzia mwenziwe uyoga. Bi Mejumaa akawanyamazisha, akasema kitambaa hiki nacho kimeshuhudia jambo, ingawa si lile lililosemwa. Kifuliwe, kiwekwe pembe ya chini, upande wa miguu.

Miguuni!

Na kana kwamba hayo hayakutosha, mlango ukafunguliwa, akaingia Ogutu. Huyu ni mkwe mwenzangu: mwanawe Dancan ndiye mume wa Wendy. Mstaafu wa reli, tumbo mbele, mikono nyuma. Amesikia kuwa babu mmoja anashona, naye hawezi kubaki nyuma. Amekuja na subana yake mwenyewe! Na kipande kilichokwisha kamilika, kilichokatwa kutoka koti lake la kazi la kaki, kifungo cha shaba kikiwa bado mahali pake. Kisa: alivyoshuka na treni kutoka Kisumu mara ya kwanza, amebeba kuku wa kumpelekea ami yake, na kuku akataga Voi.

Wanawake walikipenda sana. Wakataka kujua lile yai liliishia wapi. Ogutu akasema hilo ni la siku ya kusimulia, akanikonyeza, akaniambia Mwalimu, wewe ni mtu wa chaki, hii ni kazi ya vidole.

Nina maadui wawili sasa. Pamoja na sisimizi.

Jumatatu, 12 Mei

Kesho vipande vitapangwa na cha katikati kitachaguliwa kwa kuinua mikono. Ogutu asipokuwepo, kuku hatakuwa na wa kumtetea. Hapo nitabaki na Dama peke yake, na Dama ni mke wangu, atanionea huruma.

Nimempigia simu Ogutu. Nikamwambia mkutano umehamishiwa Kizingo, kwenye jumba lenye geti jeusi na miti mikubwa. Si uongo mkubwa. Kizingo kumejaa mageti meusi na miti mikubwa. Atazunguka hadi jua lichwe.

Akashukuru sana. Akaniita ndugu yangu. Niliona haya kwa muda wa kama dakika moja, kisha nikala.

Jumanne, 13 Mei

Mpango ulikwenda vizuri mpaka ulipokwenda mrama.

Ogutu hakuonekana. Bi Mejumaa akasema tumngoje. Tukamngoja. Nikasema labda amepoteza hamu, watu wa reli huzoea kuondoka. Ndipo tukasikia honi ndefu kwenye barabara kubwa, ya gari la watu wenye mali.

Alikuwa Ogutu. Kumbe kule Kizingo aligonga geti jeusi la kwanza. Likafunguliwa na mzee aliyekuwa mkubwa wake wa kazi miaka ya themanini! Wakakumbatiana, wakalia kidogo. Akalishwa biriani. Akasimulia kisa cha kuku, mkubwa wake akacheka hadi akaletewa maji. Kisha dereva akaamriwa amlete Mji wa Kale, na mke wa mkubwa akampa sinia ya halua awapelekee kina mama washonaji.

Ogutu aliwaambia wote kuwa ni mimi niliyemwelekeza kule. Akanishukuru mbele za watu. Bi Mejumaa akasema kumbe Mwalimu ana moyo. Dama aliniangalia kwa muda mrefu. Dama ananijua.

Vipande vikapangwa. Cha Dama ni kile kitambaa cheusi, ametarizi juu yake watu wawili kwa uzi mweupe. Sikukitazama. Nilivua miwani kwa kupinga. Nilisikia tu wenzangu wakisema angalia masikio yake, ni yeye mtupu. Kulikuwa na maandishi pia, kwa sababu Yumna aliyasoma kimoyomoyo akashika mdomo.

Mikono ikainuliwa. Dama katikati. Ogutu juu ya Dama, upande wa kichwa. Mimi miguuni.

Halua nilikula. Sikuwa na ugomvi na halua.

Ijumaa, 16 Mei

Amezaliwa! Msichana. Mama na mtoto salama. Dama alikuwa hospitalini tangu jana, mkunga asiye na zamu, akiwaelekeza waliokuwa na zamu.

Nilipewa nimshike. Ni mdogo kuliko nilivyokumbuka watoto. Alikishika kidole changu cha shahada, hichohicho chenye matundu ya sindano, hakukiachia. Wendy amesema ataitwa Dama. Mimi nilikuwa nimependekeza Arnoldina, kwa vile naitwa Arnold, lakini nimekubali. Dancan alisema asante sana, Baba, kwa namna ya mtu aliyeokoka ajalini.

Nikaona nimwanzie mtoto kisa cha mwavuli palepale, ili anisikie mimi kwanza. Nilianza mwanzo kabisa: pepo za kusi, unyevu, jinsi mawingu yanavyojikusanya. Muuguzi akanitoa nje. Muda wa wageni umekwisha. Nilikuwa bado kwenye mawingu.

Lakini alikuwa akinitazama, yule mtoto. Alitaka kujua. Sitakubali aambiwe visivyo.

Jumamosi, 17 Mei

Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kushona. Uso, pamba na bitana vimetandazwa pamoja mkekani, vimepigwa bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza. Kilichobaki ni kupenyeza sindano kila kipande.

Sikusema hapo nyuma kuwa nilishona kipande cha pili. Pacha wa kile cha kwanza. Nilikuwa na yadi mbili! Hiki nimekifua mara tatu, hakina hata harufu ya iliki. Nilikuja nacho ndani ya soksi.

Adhana ya alasiri ikaita. Bi Mejumaa na wenzake wakaingia chumba cha ndani kuswali. Dama akaenda jikoni kutengeneza kahawa. Tukabaki mimi na Ogutu, na Ogutu alikuwa kitini amelala, kidevu kifuani, akitoa sauti ya gari moshi likipanda mlima wa Mazeras.

Nikapiga goti penye mfarishi. Nikakitandika kipande changu juu ya kile cheusi cha Dama. Kikatosha barabara, kona kwa kona! Nikashona. Upande wa kwanza. Wa pili. Nilisukuma sindano kwa nguvu ili ishike sana. Kidole hakikuumia hata kidogo, na hapo nilitakiwa nishtuke. Upande wa tatu. Nikasikia miguu. Wa nne ukabaki. Nikakata uzi kwa meno, nikakaa kama mtu anayewaza.

Wakarudi. Bi Mejumaa akaona. Akauliza ni nani.

Nikasema huenda ni Ogutu.

Kisha nikajaribu kusimama.

Mfarishi ukasimama nami. Na mkeka ukaufuata mfarishi. Nilikuwa nimeshona kipande, uso, pamba, bitana, ukindu wa mkeka, na suruali yangu ya kijivu sehemu ya goti. Ogutu akaamka, akauliza kama tumefika.

Yumna alilazimika kwenda kukaa ngazini. Bi Mejumaa alijikaza, akasema Mwalimu, tumeshona miaka mingi hapa, lakini wewe ni wa kwanza kujitia mwenyewe kwenye kazi. Kisha sauti ikamkatika, akajifunika uso kwa buibui lake.

Dama akatoka jikoni. Akaweka kahawa. Akatoa mkasi wa ukunga mkobani, akachuchumaa, akanikata. Akasema ametenganisha wengi katika maisha yake, lakini huyu ndiye mzito kupita wote.

Alikata uzi wa suruali. Akakata wa mkeka. Alipofika kwenye kipande changu, akakiinua ule upande ambao haukushonwa, akachungulia ndani, akakirudisha. Akawaambia kiacheni.

Kiacheni! Nimeshinda!

Jumapili, 18 Mei

Kanisani nilikuwa na furaha. Nimeimba sauti ya chini na ya juu pia. Dama aliniambia nipunguze.

Njiani nilimuuliza kwa nini amekubali. Amesema nitaona.

Sipendi neno nitaona.

Jumamosi, 24 Mei

Siku ya kufunika. Nyumbani kwa Wendy. Kina mama wote wamekuja, wakapanda ngazi wakilalamika. Ogutu alivaa tai. Mimi nilivaa suruali nyingine.

Mfarishi ukafunuliwa. Nakiri ni mzuri. Leso za watu, mashati, pazia la Bi Mejumaa la usiku wa arusi yake, kaki ya reli yenye kifungo. Na katikati, cheupe kizeezee, kazi ya mikono yangu! Mtoto akalazwa, akafunikwa. Alipiga chafya moja.

Wendy akauliza nani anaanza. Mwenye kipande cha katikati, nikasema, nikasimama. Nilitegemea Dama apinge. Akasema anza, Baba Wendy. Kisa hiki mimi nimezoea kukisikia kikianza na wewe, nitakimalizia.

Nikakisimulia. Nilikuwa hodari. Pepo, mawingu, kivuko, msichana aliyelowa, mwavuli uliotolewa kwa mkono usiotetemeka. Hata Yumna alisikiliza. Mtoto hakulia, nami nikalihesabu hilo kama ushahidi.

Nilipoketi, Dama akamwomba mtoto samahani, akaingiza vidole viwili kwenye ule upande wa nne nisioushona. Kipande changu kikafunguka kama mfuko. Mfuko! Na ndani yake kile kitambaa cheusi. Bi Mejumaa akasema haya, Mwalimu, wewe ndiye msomi, tusomee kilichoandikwa, na leo vaa miwani.

Nikavaa. Kitambaa cheusi ni kipande cha mwavuli. Mwavuli wenyewe, wa Likoni, nilidhani ulitupwa zamani. Juu yake watu wawili weupe: mwanamke kashika mwavuli, na mwanamume kajikunyata chini yake, madaftari kichwani, masikio makubwa. Na kwenye pindo la kitambaa, kwa uzi mwekundu uliopauka, mshono wa kale kabisa, jina la Dama kabla hajawa wangu: D. CHENGO, WODI YA WAZAZI.

Nilisoma kwa sauti. Nilisoma vizuri, kwa sababu nilifundishwa hivyo.

Kisha Ogutu akasema mkwe, heri kuku wangu. Nyumba nzima ikaanguka kwa vicheko. Wendy alicheka hadi akashika tumbo, akasema anaumia, acheni. Dama ndiye aliyekuwa hacheki. Alikuja akaketi karibu nami, bega kwa bega, akakimalizia kisa, polepole, akimwambia mtoto: kwamba yule mwalimu alikuwa akitetemeka hivi, kwamba njia nzima alikuwa akieleza mvua hutoka wapi, na kwamba yeye, baada ya zamu ya usiku kucha, hakuwa amesikia kitu kizuri kama hicho siku nyingi.

Hilo la mwisho hakuwa amewahi kuniambia.

Bi Mejumaa ameamua mfuko ubaki. Babu atasimulia cha nje, bibi atasimulia cha ndani, na mtoto akikua atatia mkono wake mwenyewe.

Nilikunywa chai. Maelezo nikawaachia wengine. Wendy aliniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 26 Mei

Nimefikiri kwa utulivu, na sasa jambo zima liko wazi.

Jina halithibitishi chochote. Mtu hupewa mwavuli, akaupenda, akaushonea jina lake. Wauguzi ndivyo walivyo, huandika majina kwenye kila kitu, hata vikombe. Kwa kweli lile jina ni ushahidi kwamba alipewa! Nilimweleza Dama haya wakati wa kifungua kinywa. Amesema haya, Baba Wendy. Akanipa mkate wa pili.

Lakini mtoto hatakuwa na mtu wa kumweleza. Atatia mkono mfukoni, atasoma, atakata shauri. Anahitaji shahidi wa upande wa pili.

Nimetoka mapema. Hussam hauzi miavuli, lakini jirani yake anauza. Nimenunua mmoja, mweusi, mpya. Nimeshona kwenye pindo, kwa uzi mwekundu, A. KAHINDI, IDARA YA JIOGRAFIA. Mishono imetoka vizuri kuliko zamani. Kwa sababu za usalama nilishonea mezani, mbali na suruali.

Kasoro ni moja: unang'aa upya. Dama amekwenda kumwogesha mjukuu, hatarudi hadi jioni. Nimeutia kwenye sufuria kubwa ya chai, mpini ukiwa umetokeza nje. Safari hii nimekuwa mwangalifu. Bila maziwa. Bila sukari.

Umechemka tangu saa nne. Bado ni mweusi.

Nimeongeza majani.